Bibi Mvukaji Asiyenyanyua Mguu

Kulikuwa na nchi moja ambayo jina lake silitaji, si kwa woga, bali kwa sababu wenyewe wamelibadilisha mara kadhaa na sina hakika wiki hii wanatumia lipi. Ni nchi nzuri. Ina amani nyingi, kiasi kwamba nyingine huwekwa akiba kwenye magari yenye madirisha ya nondo na kupelekwa popote itakapohitajika. Kaulimbiu yake, iliyoandikwa kwenye kila ukuta wenye nafasi, ni TUNASONGA. Anayetaka kujua wanasonga kwenda wapi huitwa pembeni akaelezwe, na akirudi huwa hana swali tena.

Nchi hiyo iliasisiwa na mwanamke aitwaye Bibi Mvukaji. Zamani sana, hivyo ndivyo watoto wanavyofundishwa, Bibi Mvukaji aliuvuka mto mkubwa kwa miguu, chungu cha moto kichwani, na pale alipokitua ndipo ilipojengwa Ikulu. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu yake, mtu mmoja huvalishwa mavazi ya Bibi na kupandishwa jukwaani. Kuna desturi ambayo hakuna anayethubutu kuivunja: afanyalo Bibi jukwaani, ukumbi mzima hulifanya. Akiinua mkono, wote wanainua. Akiinama, wote wanainama, mpaka safu ya mbele walikokaa wakubwa. Jambo hilo huitwa kumfuata Bibi. Mwaka mmoja aliyevaa Bibi alishikwa na chafya, ukumbi mzima ukapiga chafya, na Mlezi Mkuu wa Taifa akapiga ya mwisho, kama itifaki inavyotaka. Mabalozi wa nchi za nje waliusifu sana umoja ule.

*

Mwaka ninaousimulia, serikali iliamua kuwakumbuka vijana. Ilikuwa imegundua kwamba vijana wanapenda kitu kiitwacho kosplei: mtu anajishonea nguo za mhusika wa katuni, anavaa wigi lake, anashika upanga wake wa boksi, anapanda jukwaani na kuwa mhusika yule mpaka muziki uishe. Serikali haikuona ubaya wowote. Ilichoshangaa ni kwamba jambo kubwa namna hiyo lilikuwa likifanyika bila mgeni rasmi. Basi likaundwa Baraza la Taifa la Kosplei, na mwenyekiti wake akateuliwa Mheshimiwa Dakta Sekiteke, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa bandari, ingawa nchi hiyo haina bahari.

"Ndugu wananchi," alisema Dakta Sekiteke siku ya kuapishwa, "kosplei si kuvaa tu. Kosplei ni kuvaa kwa pamoja na kwa utaratibu. Anayevaa peke yake, huyo hajavaa, huyo amejificha!"

Watu wakapiga makofi. Likatoka tangazo kwamba mwaka huo Bibi Mvukaji ataletwa kwa kosplei, na nyuma yake, kwenye kitambaa kikubwa cheupe, itapita katuni iliyochorwa kwa mkono ikimwonyesha akiuvuka mto. Kazi ya kuchora akapewa Sikudhani Mbwera, na kazi ya kushona na kumvaa Bibi akapewa shoga yake, Somoe, ambaye alikuwa na mdomo mkali na cherehani aliyoirithi kwa shangazi yake.

Uchoraji wa katuni ni kazi ya kichaa kidogo. Unamchora mtu amesimama. Unaweka karatasi nyingine juu yake kwenye meza ya kioo, taa ikiwaka chini, unamchora tena, safari hii kisigino kimeachana na ardhi kidogo. Unaweka nyingine, kisigino kimepanda zaidi. Unaendelea hivyo mpaka shingo inakufa ganzi. Kisha unazipitisha karatasi zako mbele ya macho kwa haraka, na mtu anatembea. Ndiyo maana wachora katuni wengi ni watu wa kujiongelesha.

Sikudhani aliipokea kazi ile kwa furaha, na furaha yake ilikuwa na siri ambayo nawaambia ninyi tu. Mama yake, Mwasiti, alikuwa muuza vitumbua. Miaka yote alitembea na sinia kichwani, na kwa ajili ya sinia hakugeuza shingo kamwe. Alipofika ukingoni mwa barabara aligeuka mwili mzima, taratibu, akamtazama bintiye kama anamfuata, akapepesa macho mara moja, ndipo akaunyanyua mguu wa kushoto, ule uliokuwa mzito kidogo tangu utotoni, akavuka. Sasa Mwasiti alikuwa marehemu. Ilibaki picha yake moja tu, ya kitambulisho, amesimama wima, macho yamemtoka kama mtu anayengoja kuulizwa swali gumu. Sikudhani hakuweza kuitazama picha ile kwa muda mrefu. Huyo hakuwa mama yake. Mama yake alikuwa kwenye ule mwendo, na mwendo hakuna aliyeupiga picha.

Basi Bibi Mvukaji akatembea kama Mwasiti. Chungu kilitulia kichwani kama sinia. Mguu wa kushoto ulichelewa kidogo. Ukingoni mwa mto Bibi aligeuka mwili mzima, akatazama nyuma, akapepesa macho, akavuka. Akifika mwisho wa kitambaa angekitua chungu na kukitanguliza mbele kwa mikono miwili, na papo hapo Somoe, mwenye kanga zilezile na shanga zilezile, angetokea nyuma ya kitambaa akiwa amekishika chungu chenyewe, kana kwamba katoka kwenye karatasi.

"Shoga," alisema Somoe siku aliyoonyeshwa michoro, sindano mdomoni, "huyu si Bibi Mvukaji. Huyu ni mama Mwasiti na vitumbua vyake."

"Taratibu, watakusikia."

"Wanisikie mara ngapi? Mimi nauliza, nitamvaa vipi mama Mwasiti mbele za watu bila kulia?"

"Utavaa tu. Mimi nataka nimwone anavuka. Mara moja tu, Somoe, mkubwa vile, ukuta mzima. Baada ya hapo wakizichoma na wazichome."

Somoe aliitoa sindano mdomoni na hakusema utani wowote, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake.

*

Siku ya ukaguzi michoro ilipelekwa Barazani kwa toroli. Dakta Sekiteke aliipokea kwa heshima zote, akanawa mikono, akavaa miwani, akachukua karatasi ya kwanza. Sheria ya nchi ile inasema kwamba kila picha ya Muasisi ikaguliwe kama vile itatundikwa ofisini peke yake, na Dakta Sekiteke alikuwa mtu wa sheria.

"Hii nzuri," alisema. "Amesimama. Anatazama mbele. Miguu yote chini. Pitisha."

Akachukua ya pili, akaisogeza kwenye mwanga.

"Mwanangu, huyu kisigino chake kiko wapi?"

"Kinanyanyuka, Mheshimiwa. Anaanza kutembea."

"Mimi simwoni anatembea. Namwona Muasisi wa taifa kachuchumia kidole kama mtu anayechungulia dirisha la jirani." Akaiweka pembeni. Akachukua nyingine. "Lo! Hapa ndiyo mguu mmoja uko hewani kabisa. Nchi hii imeasisiwa kwa mguu mmoja?"

"Unashuka, Mheshimiwa. Karatasi za mbele unashuka."

"Zikitundikwa ofisi mbili tofauti? Waziri wa huku awe na mguu wa juu, waziri wa kule awe na mguu wa chini? Unataka kuwagombanisha mawaziri?"

Wajumbe wa Baraza waliguna kwa uchungu. Sikudhani alikusanya michoro kadhaa, akaomba ruhusa, akaipitisha kwa kidole gumba mbele ya miwani ya Mwenyekiti. Kwa kitambo kidogo Bibi Mvukaji alitembea palepale mezani, chungu kimetulia, mguu wa kushoto unachelewa. Mjumbe mmoja alisahau cheo chake akasema "Mashallah". Dakta Sekiteke naye alifungua mdomo, macho yakamlainika, nami sitamnyima haki yake: alipendezwa.

"Rudia," alisema.

Sikudhani akarudia.

"Rudia polepole."

Akarudia polepole.

"Polepole zaidi. Simama hapo. Hapo hapo! Amefumba macho."

"Anapepesa, Mheshimiwa. Kila mtu anapepesa."

"Kila mtu si muasisi. Hapa amelala. Na hii iliyotangulia?"

"Hapo alikuwa hajamaliza kufumba."

"Basi anasinzia. Unaona sasa hatari ya kupitisha mambo haraka? Ukienda haraka mkaguzi anakagua nini? Haraka ni mahali pa kufichia vitu, mwanangu. Nimekaa bandarini, najua."

Akaendelea kutoa. Alitoa miguu ya juu yote. Alitoa macho yaliyofumba na yaliyokuwa na mpango wa kufumba. Alitoa mikono iliyonyoshwa, kwa kuwa muasisi haombi. Mwisho akafika ukingoni mwa mto, pale Bibi alipogeuka mwili mzima, na hapo akavua miwani kabisa.

"Anatazama nini nyuma?"

Sikudhani alizipanga upya karatasi zilizobaki.

"Nakuuliza kwa upole. Kaulimbiu yetu inasemaje? Nyuma kuna nini? Amesahau kitu? Anafuatwa na polisi?"

"Anamtazama mtoto wake, Mheshimiwa," alisema Sikudhani.

"Muasisi hakuwa na mtoto," alisema Dakta Sekiteke. "Sisi sote ni watoto wake. Na sisi tuko mbele."

Michoro iliyotolewa haikuchanwa, kwa sababu nchi ile si ya kishenzi. Ilipelekwa Ghala la Picha Zilizopumzishwa, ikafungiwa na kuwekewa mlinzi. Mezani ikabaki karatasi ya kwanza, Bibi amesimama, na nyingine chache zilizofanana nayo. Sikudhani aliomba azichukue zile zilizopumzishwa hata kwa siku moja, azitazame tu. Aliambiwa kwamba zimechoka.

*

Sasa kukawa na tatizo. Redio ya taifa ilikuwa imeshatangaza kwamba katuni itachukua muda sawa na wimbo mzima wa taifa pamoja na beti zilizoongezwa na Mlezi Mkuu. Michoro iliyobaki isingetosha hata kwa neno la kwanza. Dakta Sekiteke hakutingishika.

"Chora hii iliyopitishwa," alisema. "Ichore tena na tena mpaka itoshe."

"Kuna mashine ya kurudufu hapo nje, Mheshimiwa."

"Mwanangu! Kumrudufu Muasisi kwa mashine ni kosa la jinai. Muasisi anachorwa."

Sikudhani akajaribu la mwisho. Alimweleza kwamba mkono wa binadamu hauwezi kuchora mstari uleule mara mbili. Utapotoka unywele huku, unywele kule, na karatasi hizo zikipitishwa kwa haraka, yule aliyesimama ataonekana anatetemeka. Kila mchora katuni anajua hilo. Dakta Sekiteke alimsikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kwa huruma.

"Picha iliyosimama imewekwa juu ya picha iliyosimama. Kutetemeka kutatoka wapi?"

Sikudhani akarudi kwenye meza yake ya kioo. Akamchora Bibi amesimama, akaweka karatasi, akamchora amesimama, akaweka karatasi. Mwanzoni alikuwa akilia na kufuta machozi kwa kiwiko yasiharibu wino. Baadaye akaacha kulia, akawa anachora tu. Somoe alikuwa akija na chai na kushona kando yake, na alipoona hali ile alijaribu kumchangamsha.

"Angalau sasa ni rahisi, shoga. Hata mimi ningeweza kuwa msanii. Mtu kasimama!"

"Somoe, nimesahau."

"Umesahau nini?"

"Ule mguu. Nilipoketi asubuhi nilitaka nimchore pembeni, kwa ajili yangu, anavyogeuka. Mkono ukamchora amesimama. Nikajaribu tena, ukamchora amesimama. Nikifumba macho namwona amesimama."

"Umechoka tu. Utarudi."

"Sidhani," alisema Sikudhani, na wote wawili, bila kupenda, wakacheka, maana ilikuwa kama kalitaja jina lake, ambalo mamake alimpa siku aliyoshangaa kumpata. Kisha kicheko kikaisha, na cherehani ikaendelea peke yake.

*

Siku ilifika. Ukumbi ulijaa hadi milangoni. Vijana walioalikwa walikuwa wamevaa kosplei iliyoidhinishwa, yaani wote walikuwa Bibi Mvukaji, wavulana kwa wasichana. Safu ya mbele alikaa Mlezi Mkuu wa Taifa, kifua kimejaa nishani, na pembeni yake Dakta Sekiteke, ambaye suti yake ilikuwa mpya. Sikudhani alisimama nyuma kabisa kwenye projekta. Somoe alikuwa amejibanza kando ya kitambaa, kanga, shanga na chungu, akingoja.

Taa zikazimwa. Wimbo ukaanza. Bibi Mvukaji akatokea kitambaani, mkubwa kuliko nyumba, amesimama.

Akaanza kutetemeka.

Kwanza ilikuwa pindo la kanga. Halafu vidole. Halafu midomo, mashavu, kope, chungu kichwani, moto ndani ya chungu. Mistari yote ya mwili wake ilikuwa ikichezacheza kama nyasi upepo unapopita. Hakuenda popote. Alisimama palepale upande huu wa mto wake, macho wazi, anatazama mbele, anatetemeka kwa hofu ambayo hakuna aliyeikagua.

Dakta Sekiteke akageuka nusu kutazama kwenye projekta, akakumbuka kwamba nchi ile haitazami nyuma, akarudisha shingo.

Somoe alitoka. Hakuwa na la kufanya jingine. Zamu yake ilikuwa imefika. Kanuni za Baraza zilisema mvaaji alingane na picha iliyoidhinishwa kwa kila hali, naye alikuwa ameisaini kanuni hiyo mbele ya askari. Akakitazama kitambaa, akaitazama hadhira, akakishika chungu vizuri, akaanza kutetemeka. Watu wanaomjua wanasema hakuwa akiigiza.

Na desturi, ndugu zangu, ni desturi. Waliokuwa safu za nyuma walianza. Zikafuata za katikati. Vijana wote waliokuwa Bibi Mvukaji wakatetemeka na shanga zao, viti vikaanza kulia, vioo vya madirisha vikaitikia. Mabalozi walitazamana na kutetemeka kidogo, kwa kiwango cha kidiplomasia. Mawaziri walitetemeka kwa ustadi, wakimwangalia Mlezi Mkuu kwa kona ya jicho. Dakta Sekiteke alikuwa ametangulia kutetemeka kwa hiari yake, sasa akaendelea kwa mujibu wa itifaki. Mwisho kabisa, katika giza, zikasikika nishani za Mlezi Mkuu zikigongana, ting, ting, ting.

Nyuma kwenye projekta Sikudhani aliona kitu ambacho hakuna redio iliyokitangaza. Aliona kwamba watu wale, ambao kuinua mkono pamoja iliwahitaji mazoezi ya wiki nzima uwanjani, hili waliliweza mara moja. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kufundishwa. Walitetemeka kwa pamoja na kwa utaratibu mpaka ubeti wa mwisho.

*

Kesho yake magazeti yaliandika kwamba taifa limepata salamu mpya. Ikapewa jina, Mtetemo wa Uzalendo, na ikaingizwa mashuleni. Dakta Sekiteke alipandishwa cheo kwa kuibuni. Lakini hakuwa mtu mchoyo; alimwita Sikudhani mbele ya wajumbe, akamtetemekea kwa heshima, akamwambia aombe zawadi yoyote.

"Naomba michoro yangu, Mheshimiwa. Ile iliyopumzishwa."

Wajumbe walinong'ona kwa muda mrefu. Jambo hilo halikuwahi kuombwa. Mwisho Dakta Sekiteke akasimama, uso umejaa wema.

"Utapewa," alisema. "Yote! Serikali hii haimnyimi msanii kitu. Ila picha iliyopumzishwa haiwezi kurudishwa kiholela kama mzigo wa bandarini. Kila moja itarudishwa kwa hafla yake, kwa hotuba, siku ya kumbukumbu ya Bibi. Moja kila mwaka. Tena kwa mpangilio wake, kuanzia ya mwanzo, kwa sababu ulituambia zina mpangilio."

Makofi yakapigwa. Sikudhani alishukuru, maana mahali kama pale lazima ushukuru, na kwa hesabu ya mwaka ule akapewa papo hapo mchoro wa kwanza umefungwa utepe.

Aliupeleka nyumbani akauweka juu ya kioo, akawasha taa ya chini. Somoe akaja akainama naye. Ulikuwa ule wa kisigino. Mwasiti amebeba chungu chake kama sinia, na kisigino cha kushoto kimeachana na ardhi kiasi cha kupitisha uzi. Sikudhani aliweka karatasi nyeupe juu yake, akashika kalamu, akatulia ili mkono ukumbuke kinachofuata. Mkono ulipoanza kuchora, ulimchora mama amesimama.

Aliiondoa karatasi ile, akazima taa.

"Wa pili lini?" aliuliza Somoe.

"Mwakani."

"Na mguu atautua lini chini, shoga?"

Sikudhani alianza kuhesabu kwa vidole. Vidole vyake vikaisha, akaomba vya Somoe, navyo vikaisha, akaacha kuhesabu. Walikaa hivyo wameshikana mikono, na mikono ilikuwa ikitetemeka, ingawa hakukuwa na hafla.

Nami ningependa sana kuwaambia kwamba alivuka. Nimeulizia kila niliyeweza kumuuliza. Lakini nilipoishia kujua ni hapa: mama Mwasiti yuko njiani, kisigino juu, hajafika ukingoni mwa barabara, na bado hajageuka kutazama kama mwanawe anamfuata.